Shule Ikikupigia "Njoo Umchukue Mtoto": Mwongozo kwa Wazazi wa Watoto Wadogo Walioko Ohio

Simu inaingia saa nne asubuhi, uko ghalani unapanga maboksi. Anayeongea ni karani wa shule, Kiingereza chake kinakimbia, na wewe unaambulia mambo matatu: jina la mwanao, kwamba leo siku yake imeharibika, na kwamba uje umchukue. Unaomba ruhusa kwa supavaiza anayekutazama kama mwizi, unapoteza mshahara wa saa sita, unafika shuleni. Mtoto wako wa miaka sita amekalishwa kwenye kiti cha ofisini, miguu haifiki chini, begi liko mgongoni tayari. Unasema samahani, unasema asante, mnaondoka. Karatasi hujapewa. Kesho kutwa simu inaingia tena.

Nimekuwa mkalimani wa Kiswahili mashuleni hapa Columbus kwa mwaka wa tisa sasa, na kama kuna neno moja ningeweza kulifuta vinywani mwa wazazi wetu kwa dakika kumi tu za kwanza, ni hilo asante. Tuliosoma Uvira, Kigoma au kambini Nyarugusu tulilelewa kwamba mwalimu akisema, amesema. Mzazi akiitwa shule anakwenda kumwambia mwalimu, "Nyama yako, mifupa yangu." Huku, ukishukuru na kuondoka, shule inaelewa kwamba umekubali. Na kwa kuwa hakuna kilichoandikwa, kwa hesabu ya serikali mtoto wako hakusimamishwa siku hiyo. Alikwenda nyumbani tu na mama yake.

Ninayoandika hapa yanahusu zaidi Ohio, kwa watoto wa chekechea hadi darasa la tatu. Majimbo mengine nitayagusa kidogo, maana ndugu zetu wametawanyika.

Kwanza jua sheria imesimama wapi

Mwaka 2018 Ohio ilipitisha sheria inayojulikana kama SAFE Act. Iliingia kwa awamu hadi mwaka wa masomo 2021–2022. Kwa ufupi: mtoto aliye kati ya shule ya awali (ile ya kabla ya chekechea) na darasa la tatu hasimamishwi kwenda nyumbani wala hafukuzwi, isipokuwa kwa njia mbili. Moja ni makosa mazito kabisa: bunduki, kisu, tishio la bomu, au kitendo cha jinai kilicholeta madhara makubwa kwa mtu au mali. Nyingine ni pale inapobidi kulinda afya na usalama wa papo hapo wa mtoto mwenyewe, wenzake au wafanyakazi wa shule.

Kwa hiyo kukataa kukaa, kurusha penseli, kupiga kelele, kukimbia koridoni, kumtukana mwenzake kwa Kibembe, hayo peke yake hayatoshi. Shule ina njia nyingine za kuyashughulikia.

Kuna vifungu vingine viwili ambavyo wazazi wengi hawajawahi kuambiwa. Kabla ya kumsimamisha mtoto wa umri huu, mkuu wa shule anatakiwa, kila inapowezekana, kushauriana na mtaalamu wa afya ya akili mwenye mkataba na shule za eneo hilo. Na tukio likionyesha kwamba mtoto anahitaji msaada wa namna hiyo, shule inapaswa kumsaidia mzazi kujua pa kuupata. Cha pili: mtoto akitolewa darasani kwa dharura kwa sababu ni hatari, anatolewa kwa muda uliobaki wa siku hiyo tu. Siku ya shule inayofuata anarudi. Ukiambiwa "tumpumzishe mpaka Jumatatu" na leo ni Jumatano, hapo kuna siku mbili ambazo lazima ziwe na jina, na jina lake ni kusimamishwa.

Haki ya kuambiwa kosa na kusikilizwa ni kongwe kuliko sheria hiyo, tena ilizaliwa mji huuhuu. Mwaka 1971 wanafunzi kadhaa wa shule za umma za Columbus walisimamishwa hadi siku 10 bila mtu kuwauliza lolote. Walishtaki, kesi ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani kwa jina la Goss dhidi ya Lopez, na mwaka 1975 majaji watano dhidi ya wanne wakaamua kwamba hata kwa siku chache mwanafunzi lazima aambiwe anatuhumiwa nini, aelezwe ushahidi akikana, na apewe nafasi ya kusema upande wake. Uamuzi huo unabana shule za umma nchi nzima.

Kwa walioko kwingine: Maryland tangu 2017 haimsimamishi mtoto wa shule ya awali hadi darasa la pili ila akiwa tishio la karibu la madhara makubwa, na hata hapo ni baada ya kushauriana na mwanasaikolojia wa shule au mtaalamu kama huyo, tena si zaidi ya siku 5 kwa tukio moja. Colorado ilipitisha yake 2019, kikomo siku 3 kwa kawaida. New Jersey, Connecticut na Oregon nazo zinazo. California ilianza 2015 kuzuia kumsimamisha mtoto wa chekechea hadi darasa la tatu kwa kosa la "ukaidi" peke yake, kisha ikapanua kidogo kidogo hadi sekondari. Texas ilikuwa na sheria nzuri ya 2017 kwa walio chini ya darasa la tatu, lakini mwaka 2025 wabunge wakailegeza, sasa usumbufu mkubwa au unaojirudia ukiandikwa vizuri unaweza kumtoa mtoto. Yako majimbo yasiyo na kinga yoyote ya watoto wadogo. Usichukue maneno ya shemeji yako wa jimbo jingine ukayatumia hapa, wala haya ukampelekea yeye Kentucky.

Mtu atauliza kwa nini watoto wa miaka mitano watungiwe sheria. Mwaka 2005 Walter Gilliam wa Chuo Kikuu cha Yale alihesabu na kukuta watoto wa shule za awali wakifukuzwa mara tatu na zaidi ya wanafunzi wa chekechea hadi darasa la kumi na mbili. Takwimu za serikali kuu za mwaka wa masomo 2013–2014 zilionyesha watoto Weusi ni asilimia 19 ya walioandikishwa shule za awali, lakini ni asilimia 47 ya waliowahi kusimamishwa. Watoto wetu wanahesabiwa humo. Wanaweza kuwa Wafuliiru, Wabembe au Waha nyumbani. Wakipanda basi la njano ni watoto Weusi.

Hatua ya kwanza: kwenye simu, uliza kabla ya kuchukua funguo

Omba mkalimani kwanza. Sema "Swahili, please" na unyamaze. Unyamaze kwelikweli, maana ukijaribu na Kiingereza chako cha sokoni wataendelea nacho na baadaye wataandika kwamba mzazi alielewa. Shule nyingi zina huduma ya ukalimani kwa simu, inachukua dakika mbili tatu kuunganishwa. Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 ndiyo inayowabana shule zinazopokea fedha za serikali kuu zisikuweke kando kwa sababu ya lugha.

Mkalimani akishaingia, uliza haya, kwa mpangilio huu:

Mwanangu amefanya nini hasa, saa ngapi, mbele ya nani?

Je, mnamsimamisha, mnamtoa kwa dharura, au mnaniomba tu nije?

Kama mnamsimamisha au mnamtoa kwa dharura, nitapata lini barua?

Kama mnaniomba tu, nikisema siwezi kuja sasa, mtafanya nini naye hadi saa ya kutoka?

Swali la mwisho ndilo lenye nguvu, na ndilo wazazi wanaogopa kuliuliza. Nimelitafsiri mara kadhaa. Mara nyingi upande wa pili kunakuwa kimya kidogo, halafu mkuu wa shule anasema, "Basi atakaa na mshauri wa wanafunzi." Kumbe nafasi ilikuwepo.

Sisemi usiende kamwe. Mtoto akiwa amelia mpaka anatapika, nenda. Akiwa amemuumiza mtu, nenda. Ila nenda ukijua unakwenda kwa jina gani.

Hatua ya pili: karatasi

Ukifika ofisini, kabla ya kusaini lile daftari la kumtoa mtoto, angalia pale panapoandikwa sababu. Makarani wengine huandika "mgonjwa" au "mzazi ameomba". Kama si kweli, usisaini hivyo. Andika mwenyewe, hata kwa Kiswahili: "Shule imenipigia nije nimchukue kwa sababu ya tabia." Weka saa.

Mtoto akisimamishwa rasmi Ohio, yanafuata mambo haya. Anapewa taarifa ya maandishi kwamba kuna nia ya kumsimamisha na kwa nini, na nafasi ya kujieleza mbele ya mkuu wa shule. Wewe mzazi unatumiwa barua ndani ya siku moja baada ya uamuzi, ikitaja sababu, haki yako ya kukata rufaa kwenye bodi ya shule au mwakilishi wake, na haki ya kuwa na mtu wa kukusemea. Kikomo cha kusimamishwa mara moja ni siku 10 za shule. Na kazi za darasani alizokosa lazima aruhusiwe kuzifanya na apate alama, angalau sehemu yake, kwa hiyo siku hiyohiyo omba mfuko wa kazi.

Barua ikiwa kwa Kiingereza, iombe kwa Kiswahili. Ikichelewa, waandikie ujumbe mfupi kwenye ile programu wanayotumia kuwasiliana na wazazi, yenyewe mara nyingi inatafsiri. Tafsiri yake ni ya kuchekesha wakati mwingine (niliwahi kuona "chumba cha utulivu" kikiwa "chumba cha kunyamazishwa", na mama wa watu akaja shuleni anatetemeka), lakini inaacha tarehe na saa.

Kuna mlango mmoja sheria imeuacha wazi, ujue: kusimamishwa ndani ya shule, mtoto akikaa chumba kingine akifanya kazi zake chini ya usimamizi, hakuhesabiwi. Hicho chumba omba ukione. Kama mna mwalimu na kazi mezani, sawa. Kama ni kona ya stoo na mtoto anachora siku nzima, hayo si masomo yanayosimamiwa.

Hatua ya tatu: mkalimani, na mipaka yake

Usimtumie dada yake wa darasa la tano atafsiri. Najua ni mwepesi na Kiingereza chake kinatiririka. Ila mtoto huyo atapunguza maneno ya mkuu wa shule ili usikasirike, atapunguza yako ili asione aibu, na jioni atabeba siri ambayo si ya umri wake. Nimeona kikao kizima kimeendeshwa hivyo, mzazi akatoka akiamini kijana wake amepewa cheti.

Na sisi wakalimani tuelewe hivi: mimi si wakili wako. Nikiwa kazini nasema kila linalosemwa, na hilo tu. Usiniulize pembeni, "Sasa dada, nimjibuje?" kwa sababu itabidi nilitafsiri hilo nalo. Ukitaka mtu wa kukushauri, njoo na mtu wako: mzee wa kanisa, mfanyakazi wa shirika lililokupokea, jirani aliyezaa hapa. Unaruhusiwa kuja na mtu.

Hatua ya nne: daftari

Nunua daftari la dola moja. Kila simu, andika: tarehe, saa, nani alipiga, alisema nini, saa uliyomchukua, karatasi ndiyo au hapana. Saa uandike za Kimarekani. Ukiandika "saa nne" na siku moja mtu akaitafsiri neno kwa neno, watasoma saa kumi jioni, wakati mtoto alishafika nyumbani, na daftari lako lote litaonekana la uongo.

Hapa nina kisa. Mama mmoja aliyetoka Nyarugusu, mtoto wake wa kiume darasa la kwanza, shule ambayo sitaitaja. Aliitwa mara saba ndani ya miezi miwili, bila karatasi hata moja. Alikuwa ameandika yote nyuma ya kalenda ya kanisa, kwa kalamu ya rangi ya mtoto, saba zote. Tulipoketi kikaoni mkuu wa shule alisema mtoto "analipuka bila sababu yoyote". Mama akaifungua ile kalenda mezani. Mwanasaikolojia wa shule, binti mdogo tu, akaivuta karibu, akapitisha kidole, akauliza: hizi siku ni zipi? Zilikuwa Jumanne na Alhamisi. Zote saba. Siku hizo mwalimu wa Kiingereza kwa wageni anakuwa shule nyingine. Ndiye peke yake aliyekuwa anajua kumwonyesha mtoto yule kwa picha kinachofuata: sasa mstari, sasa choo, sasa chakula. Siku asipokuwepo, mtoto alikuwa anasukumwa kutoka jambo moja hadi jingine haelewi, naye anasukuma wenzake.

Wakampa mwalimu wa darasa zile picha, kadi sita zilizofungwa kwa pete. Simu hazikuisha, nisidanganye. Zilipungua mpaka mbili kwa muhula.

Hatua ya tano: kikaoni

Hapa ndipo wengi tunajiangusha, kwa sentensi moja: "Msijali, nikifika nyumbani nitamchapa." Kwetu hiyo ni heshima kwa mwalimu, unamwonyesha hujamtetea mtoto. Huku mwalimu anabanwa na sheria kuripoti akihisi mtoto anaumizwa. Ukitoka mlangoni, simu inapigwa ustawi wa watoto, na sasa una kesi mbili. Mkalimani hawezi kukulainishia neno hilo. Utasemewa "nitampiga", kama ulivyosema. Na ukiniuliza kama mama, siyo kama mkalimani: mtoto wa miaka sita aliyepigwa jana kwa kosa la shule, leo anaingia darasani akiwa mshari zaidi. Ule msemo wa samaki mkunje angali mbichi tumeutumia vibaya mno.

Kosa la upande wa pili ni kuingia na hasira, kila mwalimu mbaguzi. Mwalimu mwenyewe ana watoto ishirini na zaidi, mtu mzima ni yeye peke yake, jana amepigwa kiti kwenye goti. Wengine hawataki mtoto afukuzwe, wanataka msaada na hawaupati, na sheria ya 2018 iliwazuia kufukuza bila kuwaongezea mtu wa pili darasani. Ukimwambia, "Najua una kazi nzito, nataka tujue kinamsumbua nini," mara nyingi ndiye atakayekusemea mbele ya mkuu wake.

Maswali ya kikao ni matatu: kila mara, kabla tu ya tukio kilikuwa kinatokea nini? Alifanya nini hasa, kwa maneno ya macho na siyo "alikuwa mkorofi"? Baada yake alipata nini? Linganisha majibu na daftari lako. Mtoto anayelipuka kila wakati wa kusoma kwa sauti, halafu anapelekwa nyumbani, amejifunza njia ya kutosoma. Hapo kumrudisha nyumbani ndiko kunakomfundisha kurudia.

Waeleze pia mambo ambayo hawawezi kuyajua. Kwamba umemfundisha kuinamisha macho akigombezwa, na kutomtazama mwalimu si dharau. Kwamba kengele ya kujizoesha moto inamkumbusha kitu. Kwamba amefika miezi minne iliyopita na mtoto anayejifunza lugha mpya anaweza kukaa kimya miezi kadhaa, na aliyekosa maneno hutumia mikono. Kwamba hajawahi kukaa kitako kwenye zulia saa nzima maisha yake yote.

Usitoke bila kuandikiwa nani atafanya nini, kuanzia lini, na mtakutana tena tarehe ngapi.

Hatua ya sita: kama unahisi kuna zaidi ya utundu

Hatua hii ndiyo yenye kinga kubwa kuliko zote, na jamii yetu inaikwepa kwa sababu ya neno ulemavu. Sikia: kuandika kwamba una wasiwasi si kumtia mtoto doa. Sheria ya serikali kuu ya elimu ya watoto wenye ulemavu inasema mtoto mwenye mpango maalumu, ule unaoitwa IEP, akitolewa shuleni zaidi ya siku 10 katika mwaka mmoja wa masomo kwa mtindo unaojirudia, timu lazima ikutane kuangalia kama tabia ile imetokana na ulemavu wake. Kama ndiyo, kwa kawaida anarudi darasani kwake, na mpango wake wa tabia unatengenezwa au kurekebishwa. Zile siku za "njoo umchukue" nazo zina hoja ya kuhesabiwa humo, ndiyo sababu ya daftari.

Na kuna jambo ambalo hata walimu wengine hawalijui: mtoto ambaye bado hana IEP anaweza kupata kinga hiyohiyo, kama kabla ya tukio mzazi alishaandika kwa mwalimu wake au kwa uongozi kwamba ana wasiwasi mtoto anahitaji elimu maalumu. Kabla ya tukio, na kwa maandishi. Ukisema kwa mdomo kwenye korido, imepotea.

Barua yenyewe si ndefu. Iandike hivi, kwa Kiswahili, ipige picha, ndipo uipeleke:

*Kwa Mkuu wa Shule. Mimi ni mzazi wa ……, darasa la ……. Tangu tarehe …… nimeitwa mara …… kumchukua kabla ya muda. Nina wasiwasi kwamba huenda ana ulemavu unaoathiri masomo au tabia yake. Naomba afanyiwe tathmini kamili ya elimu maalumu, pamoja na tathmini ya tabia. Naomba nijibiwe kwa maandishi na kwa Kiswahili. Jina, sahihi, tarehe.*

Ohio wana siku 30 za kukujibu: ama wakuletee fomu ya ridhaa, ama wakuandikie kwa nini wanakataa. Ukisharidhia kwa sahihi, wana siku 60 za kumaliza tathmini. Wakikwambia "tusubiri kwanza ajue Kiingereza", waambie kwa upole waandike hivyo kwenye barua. Mara nyingi hawataandika. Tathmini inapaswa kufanywa kwa lugha anayoimudu mtoto, kila inapowezekana. Na kabla ya yote mpeleke kliniki apimwe masikio na macho, ni kitu cha asubuhi moja.

Wa kukusaidia bure wapo: Disability Rights Ohio, na ule muungano wa wazazi uitwao Ohio Coalition for the Education of Children with Disabilities. Kila jimbo lina kituo cha wazazi cha namna hiyo. Omba mkalimani, wanaye.

Hatua ya saba: rufaa

Tarehe ya mwisho iko kwenye barua. Iangalie siku ileile, maana wazazi wengi huja kwangu imeshapita. Rufaa ni ukurasa mmoja unaosema: nakataa uamuzi wa tarehe fulani, naomba kusikilizwa, naomba mkalimani. Ukifika, hoja yako kwa mtoto wa darasa la tatu kushuka chini ni nyembamba na ndiyo maana ina makali: hatari ya papo hapo ilikuwa ipi? Kama tukio lilikwisha saa tatu asubuhi, na mtoto akala chakula cha mchana na wenzake, akasimamishwa saa nane, ile hatari ilikuwa wapi saa hizo tano? Uliza pia mtaalamu wa afya ya akili aliulizwa lini, na alisema nini. Rufaa ya namna hii nimeiona ikishinda kwa swali hilo la pili tu. Hakuna aliyekuwa amemuuliza.

Hatua ya nane: faili, hasa kama mnahama

Sisi ni watu wa kuhama. Binamu akisema Iowa kuna kazi za nyama zenye mshahara mzuri, wiki mbili baadaye nyumba ni tupu. Faili la mtoto linamfuata, na mwalimu mpya atalisoma kabla hajamwona uso.

Una haki ya kuliona. Sheria ya serikali kuu ya 1974 inaipa shule siku 45 zisizozidi. Omba kwa maandishi, ukalipitie na mtu anayesoma Kiingereza. Ukikuta jambo lisilo kweli, omba lirekebishwe. Wakikataa, una haki ya kusikilizwa, na wakiendelea kukataa una haki ya kuweka maelezo yako ndani ya faili, yakae humo pamoja na yao. Lile daftari la dola moja na nakala za barua zako usizitie kwenye maboksi ya lori. Zikae kwenye mkoba wako, pamoja na vyeti vya chanjo na karatasi za uhamiaji.